Mliofika kwenye vitukuu, na mliowahi kumwona bibi mzaa bibi: tupeane uzoefu, ni nini hubaki?

Bibi wa Vitukuu

Salamu kwenu nyote. Mimi nasema, mjukuu wangu anaandika.

Nina miaka 84. Nimezaa watoto 6, wajukuu wako 17, vitukuu wamefika 11 na mwingine yuko njiani. Familia ikikusanyika nakaa kwenye kiti changu, nyumba imejaa mpaka mlangoni, watoto wanapita kati ya miguu ya watu, na mimi ndiye mtu pekee mle ndani ninayekumbuka wakati ambapo hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo. Hiyo ni furaha ambayo hakuna aliyenitayarisha kwayo. Nilipokuwa mama nilikuwa na uchovu. Nilipokuwa bibi bado nilikuwa na shughuli zangu. Sasa kitukuu akipakatwa mapajani mwangu sina pa kukimbilia, namtazama mpaka anasinzia.

Lakini kuna jambo nalifikiria sana. Wanaochunguza kumbukumbu wanasema mtu mzima akirudi nyuma kabisa, mambo ya kwanza anayoyakumbuka huwa ya umri wa miaka 3 au 4 hivi. Ya kabla ya hapo hufutika, hata yale aliyoyafurahia sana. Pigeni hesabu pamoja nami. Huyu aliyezaliwa mwaka huu, ili anikumbuke mwenyewe bila kusimuliwa, inabidi nifike 88 nikiwa na akili zangu. Mungu ndiye ajuaye. Kwa wengi wa wadogo hawa nitakuwa jina na picha.

Mwanzoni iliniuma. Baadaye nikaona kwamba watakaonikumbuka kwelikweli ni wajukuu, na hao ndio wanaolea sasa. Nikiwa mtoto, ukikosea ulisemwa mbele ya wageni, na aibu ile ilikaa kifuani miaka mingi. Nilipopata watoto wangu nikaamua: kwangu mtoto akikosea anaitwa pembeni, anaambiwa, yanaisha. Sikuwahi kuifanya kuwa sheria ya kutangazwa. Basi majuzi nimemwona mjukuu wangu wa kiume, baba wa watoto wawili, amemshika mwanawe mkono akamtoa sebuleni, akachuchumaa, akasema naye kwa sauti ya chini, wakarudi. Yule mtoto hatajua kwamba jambo lile lilianzia kwangu. Mimi nimeliona, na limenitosha kwa wiki nzima.

Ndiyo maana nauliza. Ninyi mliokuwa na bibi mzaa bibi, amewaachia nini hasa? Na wenzangu wenye vitukuu, mnafanyaje?

Mama Mapacha

Shikamoo bibi.

Mimi sikumwona bibi mzaa bibi, yaani mama wa bibi yangu mzaa mama. Alifariki kabla sijazaliwa. Lakini nikiwaogesha wanangu huwa na kisauti nakitoa, hakina maneno, kinapanda mara mbili kisha kinashuka. Nilidhani ni changu. Siku moja mama mdogo wa mama yangu, mzee sana sasa, alikuja kututazama, akanisikia toka chumba cha pili, akaacha alichokuwa anafanya akaja kusimama mlangoni. Akaniambia ile ndiyo sauti aliyokuwa akiogeshewa yeye na mama yake. Mama yangu alipoulizwa akasema hajui kama aliwahi kuiimba. Nami nimeitoa wapi kama si kwake?

Mkunga Mstaafu

Shikamoo bibi, na hongera kwa ukoo huo.

Niongeze la kitaalamu kidogo, maana limewafurahisha wanawake wengi niliowahudumia. Mtoto wa kike huumbika na mayai yake ya uzazi akiwa bado tumboni mwa mama yake. Mimba ikifika kama wiki ya 20, kichanga wa kike huwa na mayai machanga milioni 6 hadi 7. Akizaliwa yamebaki kama milioni 1 hadi 2, na huendelea kupungua. Sasa fuatilia, bibi. Ulipokuwa na mimba ya binti yako, yai ambalo miaka mingi baadaye lilikuja kuwa mjukuu wako lilikuwa tayari limo ndani ya yule binti, naye yumo ndani yako. Wajukuu waliozaliwa na binti zako ulitembea nao mwanzo wao kabisa.

Kuhusu damu: mtoto huchukua nusu ya vinasaba vyako, mjukuu kama robo, na kitukuu kwa wastani asilimia 12.5. Nasema wastani kwa sababu kuanzia kwa mjukuu mgawanyo hauwi sawasawa, vitukuu wawili wa mama mmoja na baba mmoja wanaweza kuwa na viwango tofauti kutoka kwako. Na kila mtoto ana bibi wa ngazi yako wanne. Mara nyingi aliye hai ni mmoja tu, kwa hiyo ukikaa na kitukuu umekaa kwa niaba ya watatu wengine pia. Ukiwa unawajua hao watatu, hata kwa jina, mweleze.

La mwisho ni la afya. Kabla ya kichanga kuja, uliza kwenye kituo chako cha afya kuhusu chanjo ya kifaduro. Mtu mzima anaweza kuwa na kifaduro akadhani ni kikohozi cha kawaida, lakini kwa kichanga wa wiki chache ni ugonjwa wa kuua. Na siku ukiwa na mafua, mwangalie kwa mbali, usimbusu.

Mwanamke wa Kufikia

Naheshimu hesabu za mkunga, ila kuna vitukuu wasio na hata asilimia moja.

Niliolewa nikiwa na mwanangu wa miaka 7. Bibi wa mume wangu alikuwa na daftari gumu ambalo aliandika watoto wote wa ukoo na tarehe zao za kuzaliwa. Siku tuliyopelekwa kwake alimwita mwanangu, akamuuliza amezaliwa lini, akafungua daftari. Mimi nilikuwa natazama ataandika wapi. Hakumwandika mwisho wa orodha wala ukurasa wa pembeni. Alitafuta nafasi kati ya watoto wawili wa rika lake, mstari ulikuwa umebana, akaandika kwa herufi ndogo zikaingia. Mwanangu sasa ni mtu mzima na ana mtoto. Bibi alishafariki. Daftari liko kwa wifi yangu, na mtoto wa mwanangu ameandikwa humo.

Ukoo ulinipokea kwa sababu ya mwandiko ule mdogo. Bila huo sijui kama nisingeondoka miaka ile ya kwanza, maana ilikuwa migumu.

Asiye na Picha

Nitasema tofauti, mnisamehe wakubwa.

Bibi mzaa baba wa baba yangu alikuwa mkali wa kutisha. Alipiga, alitenga, alipendelea. Nyumbani kwetu hakuna picha yake ukutani na si kwa bahati. Bibi yangu, aliyekuwa mkwe wake na aliyeishi naye, aliniambia kwamba kila alipotaka kuinua mkono juu ya mtoto alimwona yule mama mkwe, mkono ukashuka. Kwa hiyo nasi tumerithi. Naomba tu uzi huu usiwafanye wenye mabibi wa aina hiyo wajione hawana kwao.

Bibi wa Vitukuu

Asiye na Picha, mwanangu, hakuna wa kukusamehe hapa, umesema kweli. Hata mimi aliyekuwa akinitia aibu mbele ya wageni alikuwa mtu wangu wa karibu sana. Huyo bibi yako aliyeushusha mkono, picha yake mnayo?

Asiye na Picha

Tunayo bibi. Iko sebuleni, kubwa.

Mjukuu wa Tatu

Shikamooni wakubwa. La kwangu ni la mali, na nalileta kwa sababu hakuna anayependa kulisema.

Bibi mkubwa wetu alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake aliiahidi kwa watu watatu. Hakudanganya mtu. Alimwahidi binti yake wa kwanza walipokuwa wanashona pamoja, akamwahidi mjukuu aliyemuuguza, akamwahidi kitukuu aliyependa kukaa chini ya meza akichezea vipande vya nguo. Kila mmoja alimwambia kwa upendo wa siku ile, wawili peke yao. Alipofariki, watatu walikuja na ahadi zao, na zote zilikuwa za kweli. Leo ile cherehani imefungiwa stoo kwa mmoja wao, na hao watatu hawasalimiani. Kitu chenyewe si cha thamani kubwa. Wanachogombania ni nani aliyependwa zaidi, na hilo hakuna baraza linaloweza kuliamua.

Naomba wazee wetu: kama kuna kitu unataka kifike kwa mtu fulani, mpe ungali hai na wengine wakiona, au kiandike kwenye wosia kwa jina la kitu na jina la mtu, uusaini mbele ya mashahidi kama sheria ya mahali ulipo inavyotaka. Nchi nyingi hazimruhusu anayerithi kuwa shahidi wa wosia huohuo, kwa hiyo msiwaite watoto wenu kusaini. Na ukimpa mtu kitu, mwambie kilitoka wapi. Binamu yangu alipewa sufuria na bibi huyuhuyu akaambiwa ilinunuliwa kwa malipo ya kwanza ya ushonaji. Hiyo sufuria hakuna aliyewahi kumdai.

Kijana wa Mwisho

Shikamoo bibi, shikamooni wote.

Mimi ni kitukuu niliyebahatika. Bibi mkubwa aliishi mpaka nikawa na miaka 19, na miaka yake ya mwisho nilimrekodi kwa simu. Niwaambie nilichojifunza, maana naona wengi hapa bado mna nafasi.

Usimwambie "nisimulie maisha yako." Bibi wangu akiambiwa hivyo alikuwa anajibu "maisha yangu ni ya kawaida" halafu ananyamaza. Nilipomletea picha moja ya zamani na kumuuliza huyu aliyesimama nyuma ni nani, alizungumza saa nzima. Chagua pia miaka ya kumuuliza. Wazee wengi hukumbuka kwa uwazi zaidi mambo ya umri wa kati ya miaka 10 na 30 hivi, pale walipokuwa wanatoka kwao, wanaanza kazi, wanapenda, wanazaa. Ukianzia hapo maneno yanakuja yenyewe. Asubuhi ilikuwa bora kuliko jioni. Nilizima redio na televisheni, nikakaa upande wa sikio lake zuri, na nilipoona anarudia maneno nilijua amechoka, nikazima simu tukakaa tu.

Kuna watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Emory huko Marekani, Marshall Duke na Robyn Fivush, waliotunga maswali 20 ya kumuuliza mtoto kuhusu ukoo wake: unajua babu na bibi zako walikulia wapi, unajua wazazi wako walikutanaje, unajua ugonjwa au balaa lililowahi kuikumba familia. Waliona kwamba watoto waliojua majibu mengi walijiamini zaidi na walijiona wana uwezo juu ya maisha yao. Huwezi kusema kwa hakika kwamba hadithi peke yake ndiyo iliyofanya kazi hiyo, kwa sababu familia inayosimuliana ni familia inayokaa pamoja. Lakini angalieni, kati ya maswali yale yapo ya shida. Familia nyingi zinawaficha watoto hayo.

Nakala za sauti ziwe sehemu tatu tofauti. Simu huibwa, simu huanguka majini.

Bibi wa Vitukuu

Kijana wa Mwisho, umenigusa pale pa shida, na nitasema hapa jambo ambalo sijalisema kwa watoto wangu wadogo.

Niliandika kwamba nimezaa watoto 6. Nimezaa 7. Wa pili alikuwa wa kiume, aliishi miezi michache, homa ikamchukua kwa usiku mmoja. Wakati ule ilionekana ni vizuri kutomtaja, ili mama asahau na azae mwingine haraka. Nilizaa mwingine, na huyo aliyefuata amekua akidhani yeye ndiye wa pili. Mume wangu alijua siku yake, na kila ilipofika aliniletea maji ya kunywa asubuhi kabla sijaamka, bila kusema neno. Alipofariki yeye, nikabaki peke yangu na jina la yule mtoto.

Nikiwahesabu wanapokusanyika, namhesabu naye. Angekuwa na watoto. Pengine wangekuwa 20 wajukuu, pengine vitukuu 15. Siku hizi nikimshika kitukuu wa kiume wa umri ule, mikono yangu inajua uzito wake kabla kichwa changu hakijakumbuka kwa nini.

Nataka ajulikane. Sitaki ajulikane kwa msiba, nataka ajulikane kwamba alipenda kushikwa kidole gumba na alikuwa na nywele nyingi kuliko ndugu zake wote. Hilo ndilo nitarekodi la kwanza.

Bibi wa Vitukuu

Hapa ni mimi mjukuu ninayemwandikia. Bibi amekwenda kupumzika. Ni mara yangu ya kwanza kusikia alichosema hapo juu, nimekijua nikiwa nakiandika. Mama yangu ndiye huyo aliyedhani ni wa pili. Bibi amesema mwenyewe tumwite Jumamosi aambiwe. Naomba mniombee niwe na maneno, na kama kuna aliyewahi kupitia hili anieleze tuanzeje.

Mkunga Mstaafu

Binti, usitafute maneno, ayaseme bibi. Wewe mketi mama yako karibu naye, hakikisha hakuna watoto wanaokatiza na hakuna anayesubiriwa. Mama yako akilia asizuiwe, na bibi akilia asizuiwe. Miaka ya zamani wahudumu wengi waliwashauri mama waliofiwa na vichanga wasahau. Nilikuta ushauri huo kazini nilipoanza, na nimeona ulivyowaelemea watu. Siku hizi mama huulizwa jina alilompa mtoto.

Mlezi wa Usiku

Poleni na hongereni. Kwa walio na bibi ambaye kumbukumbu zimeanza kupotea, nina machache.

Bibi mkubwa wetu ana ugonjwa wa kusahau. Bibi humwita mwanangu wa miaka 5 kwa jina la binti yake yeye bibi, aliyefariki zamani. Mwanzoni kila mtu alikuwa anamsahihisha, "huyu ni kitukuu, bibi," naye anapata hofu machoni, anatutazama kama wageni. Tukaacha. Mwanangu akiitwa jina lile anaitika. Nilimweleza kwamba bibi anapokuita hivyo anakuita jina la mtu aliyempenda sana, akaridhika, watoto huelewa kuliko tunavyodhani. Wanakunja nguo pamoja, soksi kwa soksi, na mikono ya bibi haijasahau hilo. Na nyimbo za ujana wake bado anaziimba mpaka mwisho hata siku ambazo hajui mimi ni nani, kwa hiyo tunaanza asubuhi na wimbo.

Bibi wa Vitukuu

Nimesomewa yote, nashukuru. Mlezi wa Usiku, Mungu akupe nguvu za kazi hiyo.

Niwajibu na wale waliouliza pembeni jinsi ya kuzungumza na wadogo masikio yakiwa yamechoka. Daktari wa masikio alinieleza kwamba uzeeni sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea, na sauti za watoto ni nyembamba. Nilikuwa nadhani wananong'ona. Nimewafundisha vitukuu waje mbele yangu nione midomo, waseme taratibu, wasipige kelele, kwa sababu kelele inaivuruga sauti zaidi. Yule wa miaka 6 sasa anawafundisha wageni wa rika lake: "Ukitaka kusema na bibi, kaa hapa." Anawaonyesha mahali penyewe.

Kwa walio mbali nami ninaotazamana nao kwenye simu, nafanya jambo lilelile kila mara. Nafunika uso kwa mikono, nafunua, naita jina lake. Dakika chache zinatosha, mtoto asichoshwe.

Jumamosi imepita. Mwanangu aliniuliza jina la kaka yake, nikampa, akaliandika nyuma ya picha ya harusi yetu kwa kuwa picha ya mtoto hatukuwa nayo.

Kijana wa Mwisho

Bibi, shikamoo tena, na poleni. Kama mmeandika kwa kalamu ya wino angalieni baada ya muda, wino mwingine hupenya na kutokeza upande wa uso. Penseli laini, bila kukandamiza, ndiyo salama kwa picha za karatasi za zamani. Na msiziache juani.

Bibi wa Vitukuu

Marahaba mjukuu wangu. Ni wino. Mjukuu ameichukua kwenda kuipiga picha kwa simu, mbele na nyuma, kabla haijaharibika, na amesema atawatumia wote 17 leo usiku.